Alijuaje Tutapita Hapa?

Shinyanga anakotoka mume wangu, baiskeli hubeba magunia ya mpunga, madumu ya maji, mgonjwa anayewahishwa zahanati, na abiria wa kulipa nauli. Wenyewe mjini huziita daladala. Pangani nilikozaliwa mimi, baiskeli ilikuwa ya wanaume. Mwanamke alikaa upande kwenye keria, miguu imebanwa pamoja, mkono mmoja umeshika kanga isije ikanaswa na spoku, mwingine umeshika springi za kiti cha anayemwendesha. Kwa hiyo mwenzangu aliingia kwenye ndoa akiwa mwendeshaji, nami nikaingia nikiwa abiria, na huenda ningebaki abiria hadi leo kama kazi yake isingetupeleka Uholanzi.

Utrecht huwezi kuishi maisha yako yote kwenye keria. Watoto wanakwenda shule kwa baiskeli, mboga zinakwenda nyumbani kwa baiskeli, na vikongwe wanakupita barabarani huku wanapiga soga. Kituo cha jamii mtaani kwetu kilikuwa na darasa la wanawake wahamiaji: Wamoroko, Wasomali, Waeritrea, Wasiria, na mimi. Mwalimu wetu, bibi mstaafu mwenye sauti ya gwaride, alianza kwa kufungua pedeli zote na kuzitupia kwenye ndoo. Tukashushiwa viti hadi nyayo zikagusa chini, tukaambiwa tusukume ardhi kwa miguu, basi. Siku mwili ulipojua kusimama wenyewe juu ya magurudumu mawili, ndoo ikaletwa, pedeli zikarudishwa. Miaka ilipita, tukapita Mannheim kwenye njia ya Mto Rhine, nikaja kujua kwamba hapo ndipo Karl Drais alipotoka mwaka 1817 na chombo chake cha mbao, magurudumu mawili bila pedeli, akikisukuma kwa miguu. Nilifurahi kupita kiasi. Kumbe nilianzia baiskeli pale ilipoanzia yenyewe.

Safari ndefu zilianza kwa sababu ya ukata. Likizo ya shule ndiyo wakati ndege hupandisha bei, na mwaka ule nauli ya familia nzima kwenda Dar es Salaam ilitushinda. Mume wangu akatazama ukumbini: baiskeli mbili, tela la kukokotea watoto, hema tulilouziwa na jirani. “Mama, twende kusini mpaka hela iishe,” akasema. Ndivyo tulivyoondoka, bila ramani ya maana, tukielekea Maastricht.

Ramani haikuhitajika. Katika Uholanzi na ile sehemu ya Ubelgiji inayozungumza Kiholanzi, njia za baiskeli zimeunganishwa kwa makutano yenye namba. Unaandika kwenye kipande cha karatasi namba za makutano utakayoyapita, unaifunga karatasi kwenye usukani, na kila ukifika kwenye namba, kibao kinakuelekeza ilipo inayofuata. Huhitaji kujua kutamka jina la kijiji, na mtu aliyewahi kujaribu kutamka majina ya vijiji vya Kiholanzi huku amekata pumzi ataelewa hisani iliyomo. Mfumo huo ulizaliwa Limburg ya Ubelgiji katika miaka ya 1990. Mwanzilishi wake, Hugo Bollen, alikuwa mhandisi wa migodi. Mgodi wa mwisho wa makaa ya mawe mkoani humo ulifungwa mwaka 1992, watu wakabaki na ardhi iliyochimbwa na mkoa usio na kazi. Wakaamua kuwaita watalii wa baiskeli. Huko huko Limburg, mahali paitwapo Bokrijk, tangu 2016, kuna njia iliyokatizwa katikati ya bwawa, mita 212, kuta zake chini ya usawa wa maji, hivi kwamba ukiwa juu ya baiskeli maji yanakufikia usawa wa macho kulia na kushoto. Mtoto wetu mdogo alipiga kelele kutoka kwenye tela: “Mama, bata ananiangalia!” Tulilazimika kurudi mwanzo ili bata amwangalie tena.

Sasa niseme habari ya upepo, kwa sababu ndiyo habari ya ndoa.

Wageni huisifu Uholanzi kwa kutokuwa na milima. Hawajaambiwa kwamba mlima ukiupanda utaushuka, lakini upepo wa mbele hauna kushuka. Tulivuka Afsluitdijk, lile tuta la kilomita 32 lililokamilika mwaka 1932 na kuigeuza ghuba ya Zuiderzee kuwa ziwa. Hakuna mti, hakuna ukuta, hakuna kona. Upepo ulitoka mbele, ukaniingia mdomoni, ukanipekua mpaka mifuko ya koti. Kanuni ya waendeshaji inajulikana: mwenye nguvu atangulie avunje upepo, dhaifu amfuate kwa karibu ajifiche mgongoni mwake. Kuna kanuni nyingine inayojulikana vilevile: mwenye mwendo wa polepole ndiye atangulie, wengine wasije wakamwacha. Kanuni zote mbili ni za kweli na haziwezi kufuatwa kwa wakati mmoja. Mume wangu alichagua ya kwanza. Akatangulia kuvunja upepo kwa moyo safi kabisa, akakaza mwendo, na baada ya dakika chache alikuwa anamvunjia upepo mtu asiyekuwepo. Nilikuwa nyuma mita mia mbili, peke yangu na maji pande mbili, nikimwona anapungua ukubwa.

Alipogeuka na kunisubiri, hatukusemezana. Aliona amenisaidia, nami niliona nimeachwa, na hakuna aliyekuwa anasema uongo. Tulifika ng'ambo tukapiga hema kimya, tukapika tambi kimya, watoto wakatutazama kwa zamu. Usiku ule, mvua ikigonga turubai, ndipo tulipotunga sheria yetu ya kengele, na bado inatumika. Yeye hutangulia, mimi nashika mamlaka. Kengele moja: punguza. Mbili: simama. Tatu: nina jambo la kusema, na halihusu baiskeli. Hiyo ya tatu imetumika zaidi ya nilivyotarajia. Imetumika kuhusu deni la kaka yake, kuhusu shule ya watoto, kuhusu kama tuzeekee huku au turudi. Kuna maneno ambayo hatukuwahi kuyamaliza mezani, tukayamaliza kwenye tuta la mto tukiwa tumetazama mbele sote, bila mtu kumsoma mwenzake uso. Wazee wa kwetu husuluhisha wanandoa kwa kuwakalisha wakabiliane. Kwetu sisi wawili kukaa tukitazamana huamsha ugomvi uliokwisha lala.

Mwili nao una adabu zake kwenye safari hizi. Njaa ya mwendeshaji haibishi hodi. Ujerumani na Austria maduka hufungwa Jumapili, na asiyenunua mkate Jumamosi atasali kwa bidii kesho yake. Ufaransa, kandokando ya Mto Loire, tuliambiwa na waendeshaji wenzetu kwamba ukikosa maji kijijini, nenda makaburini: huwa kuna bomba la kumwagilia maua, na pasipoandikwa kwamba si ya kunywa, watu hujaza chupa zao. Mume wangu alijaza. Mimi niliwasalimu wenye makaburi kwanza, nikawaombea, kisha nikajaza. Maji yalikuwa baridi na matamu, nisidanganye.

Lakini mto uliotukamata ni Danube. Unatoka Donaueschingen, kusini mwa Ujerumani, unatembea kilomita 2,850 au karibu na hapo hadi Bahari Nyeusi, na kipande cha kutoka Passau hadi Vienna, kilomita zaidi ya 300, ndicho kinachopendwa na familia kwa sababu sehemu kubwa hakina magari wala milima. Siri yake ni ya kale. Kabla ya injini, majahazi ya chumvi na nafaka yalivutwa kupandisha mto kwa kamba, farasi wakitembea ukingoni, na njia waliyoikanyaga farasi ndiyo tunayoikanyaga sisi. Passau penyewe panakutana mito mitatu, Danube, Inn na Ilz, na kwenye mnara wa ukumbi wa mji wamechora alama za mafuriko yote makubwa. Ya Juni 2013 iko juu sana; maji yalifika karibu mita 12.9, hayajawahi kupanda hivyo tangu 1501. Kifungua mimba wetu alisimama chini ya alama hiyo, akajipima, akajumlisha baba yake juu ya mabega yake mwenyewe, akanijumlisha mimi juu ya baba, na bado hatukufika.

Siku mbili tatu kabla ya Passau, ndani ya Bavaria, tairi la tela lilipata pancha, na tyubu ya akiba ikawa na tundu la kuzaliwa nalo. Jumapili. Kijiji kimefungwa kama sanduku la mahari. Tukakokota hadi kwenye duka la baiskeli tukijua limefungwa, na ukutani nje tukakuta mashine ya kuuzia tyubu. Unatia sarafu, unabonyeza saizi, tyubu inaanguka. Mume wangu aliitazama mashine ile kwa muda mrefu mno.

“Kumbe fundi wa huku ni kabati,” akasema.

Alikuwa anacheka, lakini jioni alirudia habari hiyo bila kucheka. Shinyanga, alisema, ukipata pancha unatazama mwarobaini ulio karibu. Chini yake yupo fundi, ana beseni la maji la kutafutia tundu, ana solusheni, ana vipande vya tyubu iliyokufa vya kutibia iliyo hai. Anakuuliza unatoka wapi, ni wa nani, marehemu babu yako alikuwa na ng'ombe wangapi. Unaondoka na kiraka na habari za ukoo. Kabati haliulizi kitu. Lakini kabati, nikamjibu, halilali, haliendi msibani, halikupandishii bei kwa kukusikia lafudhi. Tulibishana mpaka taa ya hema ikaisha chaji, na ubishi huo ndio umekuwa uti wa mgongo wa safari zetu zote zilizofuata.

Kwa sababu ni kweli kwamba huku hatukuambiwa “karibu” mara nyingi. Tulipita vijiji vizima bila mtu kuinua uso. Kuna mahali, jina lake nalihifadhi, mwenye kambi alitutazama kuanzia kofia hadi viatu akasema pamejaa, na nyuma yake tuliona nyasi tupu zenye nafasi ya hema ishirini. Watoto walikuwa wakubwa kiasi cha kuona nyasi zile. Mume wangu alishukuru, akageuza baiskeli, akaniambia kwa Kisukuma neno ambalo sitalitafsiri. Usiku huo tuliokolewa na watu wa Warmshowers, mtandao ambao waendeshaji wa dunia nzima hupokeana majumbani bila malipo: bwana na bibi waliowahi kupanda baiskeli mpaka Uturuki, wakatupa bafu, supu ya maboga na chumba cha mtoto wao aliyehama. Nao hawakutuuliza maswali mengi. Walituonyesha tu taulo zilipo.

Lakini hata siku ya mwenye kambi yule, njia yenyewe ilitupokea. Kibao kilikuwa pale pale. Benchi lilikuwa kwenye kivuli baada ya mwinuko, ambapo hasa mtu mwenye tela huhitaji kukaa. Mto ulipojikunja pale Schlögen, ukauzunguka mlima karibu urudi ulikotoka, kulikuwa na kivuko kidogo cha kuvusha watu na baiskeli zao. Treni ya mkoa ilikuwa na behewa lililochorwa baiskeli mlangoni. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kilichotaka kujua sisi ni wa nani.

Aliyeuliza swali lililotushinda ni mama mkwe wangu. Viza yake ilipotoka, baada ya makaratasi na mahojiano ambayo nikiyasimulia nitapandwa na presha, alitua Amsterdam na kanga nne, dawa za mgongo na karanga za kukaanga za kutosha ukoo mzima. Miaka yake sitaitaja. Yeye mwenyewe hutaja tofauti kila mara. Utrecht tulimzungusha kwenye baiskeli ya sanduku, ile ambayo Waholanzi hubebea watoto kwenye boksi la mbele. Tulitia mto, akaketi, akajifunga kanga kichwani, akawa anawaamkia wapitanjia wote kwa Kisukuma: “Mwangaluka!” Hakujali kwamba ilikuwa saa kumi jioni na salamu hiyo ni ya asubuhi. Alisema wao hawajui tofauti, na yeye hana muda wa kuwafundisha.

Tukampeleka Danube. Kati ya Melk na Krems, kwenye bonde linaloitwa Wachau, meli za abiria hushuka na mto, na njia ya baiskeli inakwenda nazo sambamba. Tulimkatia bibi tiketi ya meli pamoja na mtoto wetu mdogo wa kumsindikiza, sisi wengine tukashuka kwa baiskeli. Bonde lile liliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, na unaona kwa nini: matuta ya mizabibu yaliyojengwa kwa mawe hadi juu mlimani, mashamba ya aprikoti, abasia ya Melk ya rangi ya njano juu ya mwamba. Willendorf, ambako mwaka 1908 ilichimbwa ile sanamu ndogo ya mwanamke mnene ya kale mno, ni kijiji cha kupita kwa pumzi chache. Dürnstein ina magofu ya ngome alikofungwa mfalme Richard wa Uingereza alipokuwa anarudi kutoka Vita vya Msalaba mwishoni mwa 1192. Mimi haya yote niliyaona kwa jicho moja. Jicho la pili lilikuwa mtoni kuitafuta meli. Tulipoiona, bibi alikuwa amesimama ubavuni mwa chombo akitupungia kanga nzima. Mzee mmoja wa Kiaustria kwenye baiskeli aliyekuwa karibu yetu alidhani anapungiwa yeye. Akavua kofia, akajibu kwa sauti: “Grüß Gott!”

Jioni, Krems, miguu yake ikiwa kwenye beseni la maji ya chumvi, bibi akasema: “Nimeitazama hiyo njia yenu kutoka majini. Imewafuata mpaka mwisho. Haikukatika. Aliyeijenga alijuaje kwamba mtapita?”

Mwanawe akamweleza habari za farasi na kamba. Bibi akasikiliza, akasema hiyo ni ya farasi. Yeye anauliza ya watu. Nani alikaa akawafikiria watu wasiomjua?

Ikabidi tumpe historia ya Uholanzi, maana ndiyo tuliyoijua. Kwamba wapenda baiskeli walianzisha chama chao, ANWB, mwaka 1883, na chama hicho ndicho kilichoanza mwaka 1919 kusimika vibao vifupi vyenye umbo la uyoga, vinavyoelekeza msafiri mpaka leo. Kwamba hata hivyo baada ya vita kuu ya pili magari yalifurika, miji ikabomolewa ili yapite, na baiskeli zikasukumwa pembeni. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa barabarani katika nchi ile ndogo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Mwandishi wa habari Vic Langenhoff, aliyefiwa na binti yake, aliandika makala mwaka 1972, na jina la makala likawa jina la harakati: Stop de Kindermoord, komesheni mauaji ya watoto. Wazazi walilala barabarani. Watoto waliandamana na baiskeli zao. Mwaka uliofuata ikaja shida ya mafuta, serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili, watu wakaona kwa macho yao mji usio na gari unavyoonekana. Njia ambazo tuliziona kama tabia ya Waholanzi, kitu walichozaliwa nacho kama urefu wao, zilidaiwa kwa maandamano, na wengi wa waliodai walikuwa wazazi.

Bibi akatoa mguu mmoja kwenye beseni, akaufuta taratibu.

“Kwa hiyo walilia kwanza,” akasema.

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi. Sisi watu wa kukaribishana kwa mdomo huwaona Wazungu ni wakavu, na ukavu upo, siukatai. Ila mgeni wa kwetu hupokewa akishafika na kuonekana uso. Asiyefika, asiyejulikana, mtoto wa mtu mwingine anayevuka barabara ya Morogoro kwenda shule, huyo hatumpikii. Huku walijifunza, kwa machozi, kumpikia asiyejulikana. Nikiwaza hivyo humwona fundi chini ya mwarobaini ananisuta, na najua ana haki yake. Sitaki kabati lichukue kazi yake. Nataka awe na njia ya baiskeli mbele ya mwarobaini wake, wateja wafike kwake wazima.

Utaratibu nao una upande wake wa pili, na kandokando ya Danube hukwepi kuuona. Kilomita kama ishirini baada ya Linz, kibao kinakuonyesha Mauthausen. Chini ukingoni ni utulivu, bata, vigari vya aiskrimu. Juu kilimani, kati ya 1938 na 1945, Manazi waliendesha kambi ambamo pamoja na matawi yake walifungwa watu wapatao 190,000, na wasiopungua 90,000 walikufa. Wafungwa walipandishwa mawe kutoka machimboni kwa ngazi 186. Watoto walikuwa wadogo. Nilipanda peke yangu, mume wangu akabaki nao mtoni. Niliona namba. Kila mtu alikuwa na namba yake, kila namba ilikuwa na karatasi yake. Nilishuka, nikakuta karatasi yangu ya namba za makutano ya Uholanzi bado imefungwa kwenye usukani, na kwa kilomita kadhaa sikuweza kuitazama.

Watoto walipokua tuliendesha njia ya kutoka Berlin kwenda Copenhagen, ile inayofuata Mto Havel kaskazini, inayopita katikati ya maziwa na misonobari hadi kwenye feri ya Rostock kwenda Gedser. Njia hiyo hupita Oranienburg, na Oranienburg ndiko iliko Sachsenhausen. Safari hii tuliingia sote, kwa sababu huko kuna mtu wetu. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Alikuwa bado mtoto alipoingizwa katika jeshi la Wajerumani kwenye vita kuu ya kwanza, akajeruhiwa Mahiwa mwaka 1917. Alifika Ujerumani mwaka 1929, akadai mishahara ya askari ambayo hakulipwa, akakataliwa. Akabaki Berlin: akawa mhudumu wa mkahawa, akaigiza kwenye filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa Sachsenhausen bila kesi. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944. Mtaa wa Brunnenstraße, Berlin, mbele ya nyumba alikoishi, kuna jiwe dogo la shaba lenye jina lake, limepachikwa kwenye njia ya waenda kwa miguu.

Binti yetu ndiye aliyetaka tupite Brunnenstraße kabla ya kutoka mjini. Alipiga magoti akalisugua jiwe kwa kitambaa chake cha kufutia cheni, kikamchafua zaidi marehemu, ikabidi atumie maji ya chupa. Tukamsomea Fatiha pale pale, baiskeli zimelazwa ukutani, watu wanaturuka. Mtoto wa kiume akauliza kama Husen alikuwa na baiskeli. Baba yake akasema Berlin ya wakati ule, kijana wa Dar, mhudumu wa mkahawa: lazima alitamani hata kama hakupata. Sijui kama ni jibu zuri. Lilitosha kutupeleka hadi taa nyekundu ya kwanza.

Binti huyo sasa ndiye anayepanga njia. Simu yake inajua miinuko, maeneo ya kambi, upepo wa kesho. Kengele yetu anaiona ni mambo ya kizamani, ila nimegundua anapokuwa nyuma huigonga mara tatu, halafu anajifanya alikuwa anaijaribu. Kwa kiangazi kijacho ameweka mezani Serbia, pale Danube inapopenya milima kwenye korongo la Đerdap, na barabara inapita kwenye mahandaki mengi ya giza pamoja na malori. Baba yake amekubali kabla hajamaliza sentensi. Mimi nimesema kuna treni. Wameniambia treni haipiti korongoni. Nimesema basi kuna meli, bibi alipanda meli na hakuna aliyemcheka. Mpaka naandika haya wameninunulia taa ya mbele, taa ya nyuma na fulana ya njano inayong'aa, wameviweka kitandani upande wangu, na mimi sijavigusa.